Kupanda farasi Kigamboni mara ya kwanza: usiondoke bila kukagua mkanda

Mkuu mleta mada, umeuliza kama mtu wa miaka 40 asiyewahi hata kumgusa farasi anaweza kwenda Kigamboni akapanda kwenye njia za mashambani na ufukweni. Anaweza kabisa. Mimi nilianza nikiwa na 43, huu ni mwaka wangu wa nne.

Jambo la kwanza ni mkanda unaopita chini ya tumbo kushikilia tandiko. Farasi wengi wakiona unafungwa hujaza kifua na kukakamaa. Akishatembea dakika kumi anajiachia, mkanda nao unalegea. Siku yangu ya tatu, sehemu niliyokwenda walitandika harakaharaka, tukatoka. Tulipofika kwenye mteremko chini ya mikorosho, nikahisi tandiko linazunguka polepole nami nipo juu yake. Nikaanguka, mguu ukanasa kwenye kikuku, kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia pembeni mwa tandiko. Yule farasi alisimama palepale. Angetoka shoti, nisingekuwa naandika hapa. Siku hizi nikitembea kidogo nasimama, napima mkanda kwa vidole, namwita saisi, yaani mtunza farasi, aukaze tena. Viatu viwe na kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku. Wakikwambia kofia ngumu hazipo, rudi nyumbani.

La pili ni hofu ya farasi, na hapa ndipo wengi wetu hatufundishwi. Macho yake yapo pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote isipokuwa nyuma kabisa ya mkia na pale mbele ya paji la uso. Kwa hiyo usimpitie nyuma kimyakimya, zungumza naye. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, lakini viroba bado vipo kwenye nyua, na kiroba kimoja kikipigwa na upepo kinatosha kumshtua. Utaona masikio yamesimama wima yameelekea huko, shingo inakuwa ngumu mikononi mwako. Usivute hatamu kwa nguvu, atajua nawe umeogopa. Mgeuze taratibu akiangalie kile kitu, mwache apumue. Bodaboda ikija fanya hivyohivyo: sogea pembeni, mwelekeze aione inavyokuja.

Muda mzuri ni asubuhi, saa 12 na nusu hadi saa 3, kabla jua halijawa kali. Jioni wenye farasi makini huwarudisha bandani kabla ya magharibi, kwa sababu visubi wanaoeneza ugonjwa hatari wa farasi hutoka giza linapoingia. Usiwalazimishe kuongeza muda.

Ufukweni uliza kwanza maji yanakupwa saa ngapi. Siku za bamvua, yaani za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakijaa unabaki na ule mchanga mkavu wa juu unaozamisha kwato na kuumiza miguu ya farasi. Pita kwenye mchanga uliolowa, ni mgumu. Na kwa mara mbili tatu za mwanzo nenda mwendo wa kawaida tu, mwendo wa matiti, yaani farasi kukimbia polepole, utakuja wenyewe.

Omba upewe farasi mzee. Ukishuka, mlegezee mkanda mwenyewe, umtembeze ukiwa chini mpaka jasho la kifuani likauke, ndipo umkabidhi saisi.