Kweri moja, dataseti tatu, majibu matatu

SWALI: Shikamoo fundi. Nasoma masters, tunatengeneza programu ya kutafuta data za ubongo. Tuna picha za MRI za watu zilizopangwa kwa BIDS (utaratibu wa kupanga faili za data za ubongo), faili za DICOM zilizotoka moja kwa moja kwenye mashine, na rekodi za panya za NWB (muundo wa faili za rekodi za neva). Mtu akitafuta "umri zaidi ya miaka 60" kila dataseti inajibu kivyake, nyingine inaleta mpaka wasiojulikana umri!! Niandike kweri (maombi ya kutafuta data) tatu au nigeuze faili zote zifanane? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Vyote viwili hapana, faili ziache zilivyo maana kesho toleo jipya likitoka utaanza upya. Mtumiaji aandike kweri moja tu, halafu kila dataseti iwe na adapta yake, yaani kipande cha programu cha kuigeuza iendane na lugha ya huko.

Hao wasiojulikana umri nadhani najua wamepitia wapi. Kwenye participants.tsv ya BIDS, ile jedwali ya washiriki, pasipo na taarifa panaandikwa n/a, sasa programu yako ikisoma safu ya umri kama maandishi badala ya namba inalinganisha herufi kwa herufi, na kwa mpangilio wa kompyuta n inakuja baada ya tarakimu zote, basi n/a inahesabika ni zaidi ya 60, na mtoto wa miaka 7 naye anapita kwa sababu 7 inakuja baada ya 6! Geuza iwe namba kwanza, na asiyejulikana asiingie kwenye ndiyo wala hapana, muonyeshe pembeni na idadi yake.

DICOM yenyewe inaandika 034Y yaani miaka 34, NWB inaandika P90D yaani siku 90. Adapta zote zitoe miaka, yaishe.

Umri angalau unaonekana kwa macho. Mimi naogopa zaidi RepetitionTime (muda kati ya mpigo mmoja wa skana na unaofuata), jina ni lilelile DICOM na BIDS ila DICOM inahesabu milisekunde na BIDS sekunde, skani ileile huku ni 2000 kule ni 2. Mtu akitafuta "chini ya 3" upande wa DICOM anapata sifuri, na hakuna erori yoyote, anaondoka akijua data hazipo.

Majina ya sehemu za ubongo nayo usijitungie orodha kwenye Excel (najua umeshaanza). Anayetafuta hipokampasi anaitaka na CA1 iliyo ndani yake, kompyuta haijui hilo mpaka uipe mti wa nini kiko ndani ya nini, na UBERON (kamusi ya kompyuta ya sehemu za mwili) wameshauandika kwa binadamu na panya pia.

Halafu BIDS wanashauri waliozidi miaka 89 umri ukomee hapohapo 89 ili wasitambulike, kwa hiyo anayetafuta zaidi ya 90 mwekee onyo kwenye skrini kabla hajakulaumu.