Bango la "Dunia inaisha 2030" halifai

SWALI: Kikundi chetu cha mazingira kinachora mabango kabla ya masika. Wenzangu wanataka tuandike "Dunia inaisha 2030!" Wanasema usipotisha watu hawasomi. Mwaka huo ulitoka wapi, na kuna ubaya gani kutia chumvi kidogo kwa nia njema?
Msomaji, Huruma, Nairobi

JIBU: Msiandike hivyo. Mwaka 2030 ulivuma baada ya ripoti ya Oktoba 2018 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi. Ilisema ili joto la dunia lisipite nyuzi 1.5 juu ya lile la kabla ya enzi za viwanda, hewa ukaa tunayotoa inapaswa kupungua kwa takriban asilimia 45 kufikia 2030, ikilinganishwa na 2010. Hilo ni lengo, si tarehe ya kiama. Hata tukivuka 1.5, kila sehemu ya nyuzi tunayoizuia hupunguza madhara. Bango lenu linamwambia mtu kinyume: muda umekwisha, kaa tu.

Chumvi hugharimu. Ripoti ya IPCC ya 2007 ilidai barafu za milima ya Himalaya, huko Asia, huenda zingetoweka kufikia 2035. Kosa hilo lilikiriwa Januari 2010, na wapinzani wakalitumia kuipaka matope ripoti nzima, ilhali barafu hizo zinayeyuka kweli.

Msiandike pia "Mafuriko ya Mathare yameletwa na mabadiliko ya tabianchi" mkaishia hapo. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja hubeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7, ndiyo sababu mvua kubwa huzidi kuwa kubwa. Lakini maji huingia nyumbani pia kwa sababu mitaro imeziba takataka na watu wanaishi ukingoni mwa mto. Mkiitaja tabianchi peke yake, anayepaswa kuzibua mtaro ameponea.

Idara ya Hali ya Hewa ikitangaza mvua "juu ya wastani", msigeuze kuwa "gharika". Inazungumzia jumla ya msimu mzima. Msimu wa mvua chache nao unaweza kuleta mafuriko kwa dhoruba ya siku moja. Idara ikitoa asilimia, nakilini kama ilivyo.

Andikeni hivi, kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: "Masika ni Machi hadi Mei. Unaishi kando ya Mto Mathare? Zibua mtaro wako wiki hii. Vitambulisho na vyeti viwe kwenye ndoo yenye kifuniko. Usivuke maji ya kasi: sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima." Chini yake wekeni mahali pa kukimbilia, palipo juu, baada ya kupatembelea na kukubaliana na wenye mahali hapo.