Mwani si gugu

SWALI: Kwenye chupa ya vidonge nimesoma: "Vina viambato vya kuzuia uvimbe kutoka magugu ya bahari." Rafiki yangu anashikilia kwamba "uvimbe" ni kosa, tuseme "inflamesheni". Nani mkweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Rafiki yako amepatia nusu. Uvimbe ni kile unachokiona au kukipapasa. Hata kinundu kisichouma ni uvimbe. Mahali pakiwa pekundu, pana moto, pamevimba na panauma kwa pamoja, huo ni mchochota, kutokana na kuchochota. Neno limo kamusini. Inflamesheni ya nini?

Lakini mmegombania uvimbe mkaliacha kosa kubwa likapita. Magugu ya bahari! Aliyeandika hivyo amelikata neno la Kiingereza "seaweed" vipande viwili, akafasiri kimoja kimoja, na pwani nzima inasema mwani. Gugu ni mmea ulioota usipotakiwa, hung'olewa ukatupwa. Nenda Paje au Jambiani wakati wa bamvua, maji yakishakupwa. Utamkuta mama ameinama, anafunga vipande vya mwani kwenye kamba iliyowambwa baina ya vijiti, fundo baada ya fundo, jua la utosi. Zanzibar wamelima hivyo kwa biashara tangu 1989, na wakulima wengi ni wanawake. Mara anasita, anabandua majani mengine yaliyoushikilia mwani wake, anayatupa mbali. Hayo ndiyo magugu! Mwambie mama huyo kwamba analima magugu, uone kama atakuitikia salamu tena. Mimi siwezi kulivumilia neno hilo. Linamdhalilisha aliyetoa jasho, na linamfundisha mtoto wa pwani kusahau neno la bibi yake.

Na hata mwani una aina zake. Fukoidani, aina ya sukari changamano ambayo maabara huichunguza kwa kutuliza mchochota, hutoka kwenye mwani wa kahawia. Ule wa Paje ni mwani mwekundu, nao hutoa karajini, utomvu wa kugandisha vyakula. Karajini ya aina fulani watafiti huidunga kwenye unyayo wa panya makusudi, unyayo uvimbe, wapate kujaribia dawa za mchochota. Kwa hiyo anayeandika "mwani" bila kutaja upi hajamwambia mnunuzi kitu.

Chupa yako, kama kilichomo ni fukoidani, ingeandikwa: "Vina fukoidani ya mwani wa kahawia." Habari ya kutuliza mchochota waiongeze wakishaithibitisha kwa binadamu.