Kabla ya Kuuliza Nasaba, Sema Umekuja kwa Lipi

Ukimuuliza mzee wa Lamu babu yake alikaa nyumba gani, yeye hasikii swali la historia. Anasikia swali la mali. Hapa kwetu nasaba na mali haziachani: minazi, shamba la bara, nyumba ya mawe ya Mkomani, kiwanja cha Shela ambacho zamani hakuna aliyekitaka na leo kina mnunuzi. Kwa hiyo mtu akiingia katika kundi la ukoo kwenye simu na kuandika, "Natafuta habari za babu yangu, mwenye kumjua anisaidie," kisha akaona kimya, asidhani watu wana roho mbaya. Wanangoja kujua amekuja kwa lipi.

Nimesaidia watu wengi kutafuta jamaa zao, hasa wajukuu wa watu waliotoka Amu (ndiyo Lamu), Pate, Siyu na Faza wakahamia Mombasa, Unguja au Arabuni. Ushauri wangu wa kwanza kwao ni huo huo siku zote: nia itangulie swali. Toa salamu, useme wewe ni nani, mtoto wa nani, mjukuu wa nani, kwa upande wa mama au wa baba. Kisha sema wazi kwamba unataka kuwajua watu wako, hutafuti mirathi. Na kama ni mirathi unayoitafuta, sema hivyo pia, uende kwa kadhi kwa njia yake. Naijua familia iliyofunga mlango kwa kila muulizaji baada ya mgeni mmoja kurekodi maneno ya bibi yao kwa jina la historia, kisha akayapeleka kwenye kesi ya shamba. Waliokuja baadaye kwa nia njema ndio waliolipia.

Swali lenyewe nalo liwe na mwili. Akina Mohamed na akina Fatuma wa Lamu hawahesabiki. Tupe lakabu yake, kwa sababu wapo watu ambao mji mzima uliwajua kwa lakabu tu. Tupe mtaa, Langoni au Mkomani. Kazi yake, nahodha, fundi wa majahazi Matondoni, mchonga milango. Msikiti aliokuwa akiswali. Sema pia ulichokwisha kukipata, ili mtu asihangaike siku mbili kukutafutia jambo ulilonalo mkononi.

Mwaka unahitaji uangalifu wa peke yake. Wazee wengi walihesabu kwa mwaka wa Kiislamu, na mwaka huo ni mfupi kuliko wa Kizungu kwa siku kumi na moja hivi. Mtu aliyekufa 1345 alikufa 1926 au 1927, inategemea mwezi. Ukiambiwa "mfungo sita 1345", yaani mwezi wa Maulidi wa mwaka huo, andika hivyo hivyo kama ulivyosikia, kisha pembeni andika hesabu yako. Ukibadilisha na kuyatupa maneno ya awali, anayekuja nyuma yako hana njia ya kukukagua.

Na tafadhali, ulizeni majina ya wanawake. Naona shajara nyingi za ukoo, yaani orodha za nasaba, zimejaa bin, bin, bin, kana kwamba hawa mabwana walizaana wenyewe. Katika mji wa Lamu nyumba nyingi za mawe ziliandaliwa binti anapoolewa, mume akaja kukaa kwa mkewe. Maana yake, ukitaka kujua ukoo ulikaa wapi, mara nyingi utafika haraka zaidi kupitia kwa mama wa bibi kuliko kupitia kwa babu. Mashangazi ndio wanaojua nani alimnyonyesha nani, nani alikuwa mke wa kwanza, mtoto gani alilelewa na khaloo yake, dada wa mama, hadi watu wakasahau mama aliyemzaa. Lakini hawatasema mbele ya watu mia wanaosoma kwenye simu. Mtu aende akakae nao.

Hapo ndipo kusaidiana kunapokuwa na maana. Aliye Nairobi yuko karibu na Nyaraka za Taifa. Aliye Unguja yuko karibu na nyaraka za Zanzibar. Aliye Amu yuko karibu na wazee, na anaweza kusoma barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambayo mjukuu aliyekulia mbali haoni ndani yake ila michoro. Kila mmoja amfanyie mwenziwe kazi ya pale alipo. Usiwe yule anayeuliza kila wiki na hajawahi kumtafutia mtu hata jina moja.

Unapojibu, tenganisha ulichosikia na ulichokiona. "Nimeambiwa na ami yangu" ni jibu la heshima kabisa, ila si sawa na "nimeona hati." Hata hati ina mipaka yake. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani wapeleke madai ya umiliki, na karatasi za madai hayo zinasaidia sana. Lakini zinakuonyesha aliyepeleka dai. Wengi waliolima na kuzikwa pale pale hawakupeleka, kwa hiyo jina lisipokuwamo usimwambie mtu kwamba wazee wake hawakuwa wa hapa.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Utumwa uliendelea kutambuliwa kisheria katika pwani hii hadi 1907. Kwa umri wa familia hiyo ni jana: wapo watu ambao bibi yao alilelewa na mtu aliyezaliwa mtumwa. Ukikuta katika waraka kwamba babu wa fulani alikuwa mtumwa wa fulani, usiliandike mbele ya watu, hata kama ni kweli na hata kama umefurahi kulipata. Mtafute mwenye habari yake, faragha, umuulize kama anataka kujua. Akitaka, mpe yote bila kupunguza, kwa sababu ni haki yake. Akikataa, nyamaza. Neno hilo bado linatumika kukatalia watu posa, na wewe hutakuwapo siku hiyo kumtetea binti wa watu. Nayo familia iliyomiliki watumwa isikimbie swali linapoletwa kwake. Mara nyingi ndiyo pekee iliyobaki na jina la yule mtu na mahali alipotoka.

Kuhusu walio hai, sina mengi: picha za vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa zisiwekwe hadharani. Tangu 2019 Kenya ina sheria ya kulinda taarifa za watu, na hata isingekuwapo, adabu ingetosha.

Ukimaliza kuandika, rudi kwa aliyekupa. Wakati wa Maulidi mji hujaa jamaa kutoka kila upande, na ndio wakati mzuri. Usimtumie mzee faili kwenye simu asiyoweza kuifungua. Chapisha kwa maandishi makubwa, mpelekee, mkae barazani umsomee jina kwa jina, na pale atakapokwambia "hapana, huyo ni wa mke wa pili," chukua kalamu ukarekebishe mbele yake.