Bt, kuvu na wadudu rafiki: vinapatana kwenye shamba moja?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nalima nyanya na hoho huku Kigamboni, na matuta machache ya bamia. Kantangaze, yule kiwavi anayechimba majani ya nyanya, na inzi weupe wananimaliza. Nimebadilisha dawa mpaka nimechoka, napiga leo, wiki ijayo wamerudi. Juzi kijana wa duka la pembejeo kaniuzia pakiti mbili, moja ya Bt na nyingine ya kuvu iitwayo Beauveria, akaniambia nichanganye kwenye bomba moja nipige shamba zima. Shemeji yangu anasema nikipiga hiyo kuvu nitaua hata wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari. Nimsikilize nani? Halafu mwembe wangu pembeni ya shamba umejaa maji moto, wale sisimizi wa mitini wanaouma, niwachome?
— Msomaji, Kigamboni

JIBU: Dada yangu, maji moto usiwachome, tutafika huko. Kwa hizo pakiti mbili, shemeji yako yuko karibu na ukweli kuliko kijana wa duka, ingawa naye kaongeza chumvi kidogo. Bt, kuvu na wadudu rafiki vinaweza kuishi shamba moja na vikasaidiana vizuri sana. Kinachoharibu ni kupiga kila kitu, kila mahali, siku moja.

Tuanze na Bt, maana ndiyo rahisi. Hii ni bakteria inayobeba protini yenye sumu, na kiwavi lazima aile pamoja na jani. Tumbo la kiwavi lina ukali wa magadi, na ni hali hiyo ndiyo inayoyeyusha ile protini na kuifanya itoboe utumbo. Saa chache baadaye kiwavi anaacha kula, ingawa atakufa baada ya siku mbili hadi nne. Wakulima wengi wanatupa pakiti hapa: asubuhi wanamkuta kiwavi bado hai wanasema dawa feki. Angalia kama jani lina tundu jipya, usiangalie kama kiwavi anapumua.

Yule mdudu wako mwekundu hana tumbo la namna hiyo wala hali majani, kwa hiyo Bt ya viwavi haimsumbui. Inzi weupe nao haiwasumbui, bahati mbaya, kwa sababu wao wananyonya utomvu ndani ya jani na Bt inakaa juu yake. Kwa kantangaze, piga wakati mayai yanaanguliwa, kabla kiwavi hajachimba njia ndani ya jani. Akishaingia, utakuwa unamnyunyizia paa la nyumba. Jike mmoja anaweza kutaga mayai yapatayo 260, kwa hiyo mzunguko mmoja wa dawa hautoshi. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba maadamu unaona michirizi mipya, na kila mara iwe jioni, kwa sababu jua letu linaiua Bt haraka.

Soma pia lebo uone ni Bt ya aina gani. Kwa viwavi unataka kurstaki au aizawai. Ukiona israelensis, hiyo ni ya viluwiluwi wa mbu, na ndiyo kazi iliyokifanya kile kiwanda cha viuadudu cha Kibaha kijengwe kwa ushirikiano na Wacuba. Ukiipiga kwenye nyanya, kantangaze watakula jani na dawa yake bila wasiwasi.

Sasa kuvu. Beauveria haihitaji kuliwa. Mbegu yake, chembe ndogo kuliko vumbi, inagusa ngozi ya mdudu, inachipua, inatoboa na kuingia. Mdudu hufa baada ya siku tano hadi kumi hivi, na hewa ikiwa na unyevu, maiti yake inavaa unga mweupe unaosambaza mbegu kwa wenzake. Ndiyo maana inawafaa inzi weupe, vidukari na vithiripi. Lakini kuvu haisomi vitambulisho. Inaweza kumpata pia yule mdudu mwekundu, hasa akiwa bado mtoto. Unamjua mtoto wake? Ni yule mweusi mrefu mwenye vimiiba, kama mamba mdogo anayetembea juu ya jani. Watu wengi wanamwona, wanamdhania adui, wanamsaga kwa kidole. Huyo anakula vidukari kwa fujo kuliko hata mama yake.

Kwa hiyo jibu la swali lako kuu: ukizichanganya pakiti zako ndani ya bomba, haziuani. Kijana hakukudanganya hapo. Shida ni kwamba zina kazi tofauti. Bt inatakiwa kufika kila jani la nyanya na kurudiwa mara kwa mara. Kuvu inatakiwa kufika pale tu wadudu walipojazana, tena chini ya jani ambako inzi weupe hukaa. Ukizichanganya, kila unapoihitaji Bt utakuwa unawamwagia kuvu wadudu rafiki wa shamba zima, na pesa yako inakwenda kwenye mimea isiyo na inzi hata mmoja.

Mimi ningefanya hivi. Pita kila mstari ukigeuza majani ya katikati na ya chini. Mmea uliojaa inzi weupe, ufunge kitambaa au kipande cha mfuko. Jioni piga kuvu kwenye mimea iliyofungwa tu, pua ya bomba ikitazama juu. Ukikuta mmea una vidukari lakini pia una wale mamba wadogo wawili watatu, upite. Uache. Hao wanakufanyia kazi bure, na wanaifanyia kuvu kazi pia: kidukari akishambuliwa hutoa harufu ya kuwaonya wenzake, wenzake wanaanza kutembea huku na huko, na kidukari anayetembea juu ya jani lenye kuvu anaokota mbegu nyingi kuliko aliyetulia akinyonya. Siku nyingine ndiyo upige Bt shamba zima.

Kuhusu kuichanganya: unga wa Beauveria unakataa maji. Ukiumwaga moja kwa moja utauona unaelea juu na kushikana kwenye kuta za ndoo, na utakuwa umenyunyizia maji matupu. Fuata lebo kwanza. Kama ni unga usio na kilainishi, ukoroge na mafuta kidogo ya kula na tone la sabuni ya maji mpaka uwe uji mzito, ndipo uongeze maji. Tikisa bomba kila baada ya mistari michache.

Jambo linalowaponza wakulima wengi wa Pwani ni dawa ya ukungu. Unyevu wetu unaipendeza Beauveria, lakini unapendeza pia bakajani, ule ugonjwa wa ukungu wa nyanya, kwa hiyo karibu kila mtu anapiga mankozebu wakati wa masika, na wengi wanaimwaga kwenye bomba lilelile. Mankozebu inaua kuvu. Haijui kwamba hii ya pakiti ulinunua kwa fedha yako. Tenganisha kwa siku kadhaa, na ukiweza, tumia bomba jingine. Bomba lililobeba dawa ya kuulia wadudu wiki iliyopita lioshwe mara tatu kwa sabuni, pamoja na mpira na pua. Na kama unalima ndani ya kitalu nyumba, kumbuka joto la mchana humo linaweza kupita nyuzi 35, na hapo mbegu ya kuvu inasimama. Jioni, jioni, jioni.

Duka nalo liulize. Pakiti ya kuvu iliyokaa miezi juu ya rafu chini ya bati Kariakoo inaweza kuwa imekufa kabla ya tarehe yake. Tazama namba ya usajili ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na nunua kwa muuzaji anayeihifadhi mahali pa baridi. Namna ya kujua kama ilikuwa hai: siku tatu au nne baada ya kupiga, chukua majani machache yenye inzi au vidukari waliolegea au waliokufa, yaweke ndani ya chupa ya plastiki yenye karatasi ya chooni iliyolowa, funika, weka kivulini. Baada ya siku chache kuvu hai itawaotesha unga mweupe. Wasipoota kitu, kuna tatizo: pakiti, jua, au mankozebu. Kiwavi aliyeuawa na Bt ni tofauti, yeye hulegea na kuwa mweusi bila unga wowote.

Na hao wadudu rafiki, utawapata wapi? Mashamba makubwa ya maua ya Naivasha, Kenya, hununua utitiri wanaokula utitiri, wanawamwaga kwenye mimea. Kwa mkulima wa Kigamboni njia iliyo karibu ni kutunza waliopo. Acha dawa kali za kemikali kama pairethroidi na profenofosi. Mabaki yake hukaa kwenye majani na kuua wadudu rafiki kwa wiki kadhaa, wakati kantangaze, aliyeingia nchini mwaka 2014, alikuja tayari na usugu kwa baadhi ya dawa hizo. Hii ndiyo sababu unapiga na wanarudi. Panda giligilani na mrehani kwenye kingo na uziache zichanue, nyigu wadogo na inzi wa maua wanakula hapo kabla hawajaenda kuwinda. Unaweza kumwona pia kunguni mdogo mwembamba wa kijani akikimbia kwenye nyanya, Nesidiocoris, anayekula mayai ya kantangaze na watoto wa inzi weupe. Huyo ana kasoro moja: mawindo yakiisha anachoma vikonyo vya nyanya na kuacha pete za kahawia. Ukiziona pete hizo nyingi na inzi hakuna, usimlaumu kantangaze.

Sasa maji moto. Tangu miaka ya 1950 watafiti wa Zanzibar waliandika jinsi sisimizi hawa wanavyolinda minazi dhidi ya kunguni wa nazi, na kwenye mikorosho wanawakabili wadudu wanaonyonya machipukizi. Mwembe wako una askari usiowalipa. Ila maji moto wanapenda utamu unaotolewa na vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, na vidukari, na kwa ajili ya utamu huo huwalinda na kuwafukuza wale wekundu wenye madoa. Kwa hiyo kata matawi ya mwembe yanayogusa hoho zako, ondoa kamba au mti wowote unaowatengenezea daraja, kisha uwaache huko juu. Wakati wa kuvuna embe, jipake majivu mikononi na upande asubuhi mapema, kabla hawajachangamka.