Jinsi nilivyoacha kuhamisha picha kwa flashi

Duka langu la picha na steshenari liko Mwanga, hapa Kigoma mjini. Nina kompyuta mbili. Moja iko mezani kwangu, ndiko napokea kazi na kusafishia picha. Ya pili iko nyuma, karibu na printa. Kwa miaka minne picha zilitoka meza moja kwenda nyingine kwa flashi, mara kumi au zaidi kwa siku.

Tuliacha baada ya kazi ya kipaimara. Kijana wangu alibonyeza kata badala ya nakili, na umeme ukakatika kazi ikiwa katikati. Uliporudi, flashi ilisomeka, ila picha 38 hazikufunguka, na kule zilikotoka hazikuwepo tena. Mama wa mtoto alikuja na daladala kutoka Ujiji, akakaa kwenye benchi, akazitazama zilizobaki moja moja. "Mwanangu, ile aliyopiga na babu yake haipo?" Haikuwepo. Nilimrudishia hela yake yote, lakini hakuwa amefuata hela.

Jambo ambalo wengi wanaoniuliza huwa hawalijui ni hili: kompyuta mbili zilizo kwenye chumba kimoja hazihitaji bando ili zitumiane mafaili. Ruta ndogo na nyaya mbili zinatosha. Data inazunguka humo humo dukani hata kama vocha imeisha. Kwenye kompyuta ya nyuma nimeruhusu folda moja tu ionekane kwenye mtandao, nayo ina nywila. Tafadhali usifungue diski nzima kwa kila mtu, maana kirusi kikiingia na flashi ya mteja kitatembea mpaka mwisho.

Kazi ya kunakili inafanywa na programu iitwayo Robocopy. Hainunuliwi wala haipakuliwi. Imo ndani ya Windows tangu toleo la Vista. Unafungua Notepad, unaandika mistari yako, unahifadhi kwa jina linaloishia na .bat. Faili hilo la amri ndilo naliita skripti. Yangu ni hii:

@echo off
if not exist P:\alama.txt exit /b
robocopy P:\Picha \\MEZA2\Nakala /E /XO /Z /R:3 /W:10 /LOG+:C:\Ripoti\nakala.txt

P ni eksteno yangu ya picha, yaani diski ya nje ya kuchomeka, MEZA2 ni kompyuta ya nyuma. /E inachukua na folda za ndani. /XO inazuia faili la zamani lisilifunike jipya. /Z inasaidia faili kubwa, kwa mfano video ya harusi, liendelee lilipoishia mtandao ukikatika. Folda ya Ripoti itengeneze mwenyewe kabla.

Kwenye /R:3 (rudia mara tatu) na /W:10 (subiri sekunde kumi kila mara) naomba usiruke. Usipoziandika, Robocopy ikikutana na faili lililokwama hurudia mara 1,000,000, na kila mara inasubiri sekunde 30. Piga hesabu: ni karibu mwaka mzima kwa faili moja. Mwanzoni sikuziweka. Asubuhi moja nikakuta skrini imesimama kwenye faili lile lile la tangu saa mbili usiku, kwa sababu programu ya kuhariri ilikuwa bado imelishikilia. Mengine yote yalikuwa yanalisubiri.

Mstari wa pili, ule wa alama.txt, niliuongeza baada ya hofu kubwa. Skripti yangu ya kwanza ilitumia /MIR, ambayo inafanya nakala ifanane kabisa na chanzo: kisichokuwepo kwenye chanzo kinafutwa kwenye nakala. Wakati huo eksteno ilikuwa inasomeka kwa herufi E. Siku hiyo nilikuwa nimeichomoa na kuiweka kwenye droo, mteja akachomeka flashi yake ili nimchapie barua za maombi ya kazi, na flashi ile ikapewa herufi E. Akaisahau. Usiku skripti ikaamka, ikaiona E, ikafuta nakala za picha zote na kuweka barua za yule kijana mahali pake. Eksteno ilikuwa nzima, ndiyo salama yetu, na kunakili upya kulichukua jioni nzima.

Tangu siku hiyo nimeipa eksteno herufi P ya kudumu kupitia sehemu ya Windows ya kusimamia diski, na ndani yake kuna faili dogo tupu linaloitwa alama.txt. Skripti isipoliona faili hilo haigusi kitu. Na /MIR nimeiacha kabisa. Kufuta nafuta kwa mkono wangu, macho yakiwa wazi. Ukitaka kujaribu amri yoyote ya Robocopy, ongeza /L mwishoni: itakuorodheshea ingefanya nini, bila kufanya.

Kuipangia muda kuna Task Scheduler humo humo Windows. Mimi nimeiwekea saa mbili usiku kila siku. Kama unatumia laptopu, angalia ukurasa wa masharti, kwa sababu kawaida kazi mpya haianzi laptopu ikiwa inatumia betri, na kwa umeme wetu unaweza kukaa wiki bila nakala na usijue. Ondoa tiki hiyo. Kisha weka tiki inayosema kazi ikipitwa na muda wake ifanyike mara kompyuta itakapowaka. Na ukiona matokeo yameandikwa 0x1, usiogope. Kwa Robocopy, 1 maana yake mafaili yamenakiliwa. Shida inaanzia 8.

Kwa kutuma mbali, tuseme kutoka hapa hadi Kasulu kwa bando la kuhesabu, mimi ningetumia rsync, programu nyingine ya kunakili mafaili. Waliitengeneza Andrew Tridgell na Paul Mackerras mwaka 1996, na uzuri wake ni kwamba faili likibadilika kidogo, inatuma vipande vilivyobadilika tu. Ipitishe kwenye SSH, njia ya siri ya kuunganisha kompyuta mbili, kwa faili la ufunguo, na nywila usiiandike ndani ya skripti.

Kila Jumatatu kabla ya wateja nafungua picha tatu kutoka folda ya Nakala, sichagui, nikizikuza hadi pembeni. Halafu nasoma safu ya FAILED kwenye ripoti. Ikiwa si 0, kijana anajua kwamba kamera haifutwi siku hiyo.