Kilo 40 na kilo 35 zimekuwaje 4035? Majibu kwa wanaoanza Python

Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya kujumlisha kilo za korosho za baba. Nikiingiza 40 na 35, inanipa 4035. Kompyuta imeharibika? (Mwanafunzi, Newala)

Marahaba. Kompyuta ni nzima. Kwenye Python 3, input (amri ya kupokea unachoandika) hukurudishia maandishi siku zote, hata ukibonyeza tarakimu tupu. Alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunga tu. Yageuze kwanza yawe namba ya desimali, kwa float:

kilo1 = float(input("Mzigo wa kwanza: "))
kilo2 = float(input("Mzigo wa pili: "))
print(kilo1 + kilo2)

Utapata 75.0. Wengi wangekuambia utumie int, yaani namba kamili isiyo na desimali, lakini mizani ya chama cha msingi haisomi kilo kamili kila mara, na int ikipewa 40.5 kutoka kwenye kibodi inagoma.

Nilimpa mjomba ajaribu, akaandika "arobaini". Programu ikakatika na maneno mekundu. (Masasi)

Mjomba hana kosa, watu ndivyo walivyo. Muulize tena mpaka aandike sawa; try hujaribu, except hushika kosa (ValueError ni kosa la maandishi yasiyogeuzika namba):

while True:
    try:
        kilo = float(input("Kilo: "))
        if kilo > 0:
            break
        print("Kilo lazima zizidi sifuri.")
    except ValueError:
        print("Andika tarakimu, mfano 40.5")

Hiyo if nimeiweka kwa sababu float hupokea -40 bila kulalamika. Na usiache except tupu, bila ValueError, kama wanavyofanya wavivu: itameza hata Ctrl+C, vibonye vya kusimamisha programu, halafu utabaki unabonyeza na programu haitoki. Hapo utaishia kufunga dirisha zima.

Bei nikiandika 3,500 inakataa, 3500 inakubali. (Lindi mjini)

Ni huo mkato. Sisi tunautumia kutenga maelfu, Python haiutambui hapo. Uondoe kabla ya kugeuza:

bei = int(input("Bei: ").replace(",", ""))

Fanya hivyo kwenye bei tu. Kwenye kilo ni hatari: mtu akiandika 40,5 akimaanisha arobaini na nusu, utamhesabia 405, na hakuna kosa litakaloonekana. Huko mkato ukataliwe, aandike upya.

Video ninayofuata inatumia raw_input, kwangu haifanyi kazi. (Mikindani)

Hiyo ni Python 2, iliyoacha kuhudumiwa tarehe 1 Januari 2020. Tafuta video nyingine.